Zamu Yako, Lugano

Karibu, shemeji. Vua buti hapo mlangoni:
tope la Tukuyu halina adabu,
na baba akiteleza tena hatutakuwa na cha kuokota.
Chai imo kwenye chupa. Kaa kwanza.
Kuna mambo daktari hakuyaandika.

Dawa nimezipanga kwenye viberiti vitupu,
kila siku na kiberiti chake.
Ya asubuhi ni baada ya uji, si kabla.
Akishameza muulize jina la ng'ombe wake wa kwanza;
mwenye kidonge shavuni hawezi kulitamka vizuri.
Mimi nilichelewa kujua. Nilivikuta kumi na vinne
chini ya godoro.

Usimwinue kwa kumvuta mikono, si mpini wa jembe ile.
Piga goti, akushike shingo, hesabuni wote wawili,
kisha nyanyuka kwa miguu.
Mgongo wangu ndio ulionifundisha hili,
na ndio unaonipeleka Mbeya kesho.

Usiku mgeuze. Saa nne, saa saba, jogoo wa kwanza.
Mulika visigino, mulika nyonga;
ngozi ikigeuka rangi usiisugue, mwite nesi Subilaga.

Najua Julai ya huku, ukungu hulala hadi kwenye mto.
Hata hivyo jiko la mkaa litoke nje kabla hamjalala,
akuombe, akutukane, litoke.
Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hauunguzi mtu,
unamlaza tu.
Mjazie chupa maji ya moto, uivishe soksi, uiweke miguuni.

Atakuita Ambwene.
Najua mlimzika mwaka ule wa mvua nyingi,
najua ulishika kamba upande wa kichwa.
Itika.
Mara ya kwanza nilimsahihisha, akafiwa upya mbele yangu,
na jioni akauliza tena.

Sasa hili la kuoga, maana naona unaangalia sakafu.
Nilipoolewa hapa nilikuwa nikisikia kikohozi chake
nakimbilia migombani, na mtungi kichwani.
Mkwe haonwi. Miaka kumi na tisa
nilimjua baba kwa mgongo na kwa kofia.
Alipoanguka, siku tatu nilisukuma sahani mlangoni
kwa mkono wa mtoto.
Siku ya nne harufu ilinishinda, nikaingia na beseni.
Akajifunika blanketi usoni, mimi nikafumba macho,
tukawa vipofu wawili na sabuni moja.
Akasema humo ndani ya blanketi:
"Mwanangu, hata aibu huzeeka."

Wewe ni mwanawe wa kumzaa. Huna pa kukimbilia.
Mwambie kabla ya kumgusa: sasa mkono, sasa mguu.
Sehemu isiyooshwa iwe imefunikwa.
Kitambaa mpe ajifute uso mwenyewe, hata akichukua nusu saa.
Ule uso bado ni wake.

Utakasirika. Usijidanganye kuwa wewe ni mpole.
Nilimfokea mara moja, kwa ajili ya uji uliomwagika,
na akaniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi!
Tangu siku hiyo nikihisi koo linabana natoka,
nasimama kwenye mparachichi, nahesabu matunda
mpaka niyapoteze hesabu.
Jumamosi Anyisile wa jirani atakaa naye.
Nenda sokoni, nenda kaangalie mpira, kanyoe ndevu.
Usingoje uchoke ndipo upumzike;
mimi nilingoja.

Basi langu ni alfajiri, usiniamshie mtu.
Tochi ina betri mpya.
Na atakuapia kwamba hajala tangu jana.
Amekula. Mpe nusu ndizi,
kaa naye mpaka aimalize.